Vyumba Viwili vya Mzee Lukelo

Mtu akikuambia kazi ni ya nusu saa, jua hajawahi kuifanya. Leonsia Kihwele aliniambia hivyohivyo mlangoni mwa duka langu pale Miyomboni, mvua inamnyeshea na mwavuli kaushika mkononi hajaukunjua. Alisema ni kupandisha Kware tu, Fundi, nusu saa na umemaliza. Mimi wakati huo nilikuwa nimevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba tangu asubuhi, na chai ndiyo kwanza nimeimimina. Nilishafungua mdomo kumwambia nimefunga. Kisha nikaona gari nyuma yake, na ndani ya gari baba yake, Mzee Lukelo, ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, anatafuta neno na neno halimjii.

Nikapiga funda moja la chai, nyingine nikaiacha ipoe.

Kware ulikuwa mfumo wa kuendeshea kompyuta enzi zile kompyuta ni boksi la kuweka mezani. Unabonyeza kitufe, feni inaguna, unasubiri. Ukaja Mfumo Mmoja, ukaingia kwenye kuta, kwenye meza, kwenye sufuria, na sasa ukuta wa chumbani kwako unajua ulilala vibaya na unakukumbusha dawa kabla hujaumwa. Sisemi ni mbaya. Kasoro yake ni moja: kitu usichokitambua haukioni, na kisichoonekana hakihudumiwi. Mizani za zamani, mashine za kusaga, redio za walinzi wa msitu, vyote viliachwa vife vyenyewe. Hiyo ndiyo riziki yangu. Napandisha mifumo iliyokufa kwenye mashine zilizozeeka, na mwenye kuipandisha naye anazeeka.

Na kuna mikongojo. Mkongojo ni kidude kidogo cha ukubwa wa harage, kinapandikizwa nyuma ya sikio la mtu aliyepigwa na kiharusi. Yale ya kabla ya kiharusi anayakumbuka kwa kichwa chake mwenyewe. Yale ya baada yake kichwa hakiwezi tena kuyashika, kwa hiyo mkongojo unamshikia. Walioitengeneza mikongojo walifilisika, wakafunga ofisi, wakatuachia vichwa vya watu. Mkongojo unazungumza na Kware peke yake. Ukijaa, kwanza mambo ya leo yanamwagika, halafu maneno yanaanza kukwama kooni, halafu siku moja unajifunga wenyewe. Nimewaona waliofungwa. Anakula ukimlisha, anaketi ukimketisha, na kila dakika kwake ni ya kwanza duniani.

Nikatoka peku hadi kwenye gari, nikagonga kioo.

"Mtumwa wangu, bado hujafa tu?"

Nusu ya uso wake iliyo nzima ikacheka. Akahangaika na ulimi muda mrefu, mvua inanilowesha kichwa, mpaka akaipata. "Nakusubiri... Mngoni... utangulie."

Yeye ni Mhehe, mimi ni Mngoni, Osmunda binti Komba. Wazee wetu walichomana mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakaturithisha utani. Kwa mtani hakuna shikamoo, wala hakuna tusi linalochoma. Kwao kukiwa na msiba, mimi ndiye naingia jikoni kuonja nyama bila kuomba, ndiye namwigiza marehemu alivyokuwa anatembea na kufoka, ndiye nakaa ukingoni mwa kaburi nikigoma jeneza lisishuke mpaka nipewe changu. Mkewe Eusebia alipozikwa, nilikaa pale kwenye udongo mbichi nikaigiza sauti yake nyembamba, nikamwuliza Lukelo leo kamletea nini huko anakokwenda, mkono mtupu tena? Watu wakaangua kicheko na machozi yanawatoka. Lukelo naye alicheka. Wakanipa jogoo, nikaondoka kaburini, Eusebia akashuka kwa amani.

Basi nikarudi ndani kuchukua begi na viatu.

* * *

Nyumba yao iko Kihesa. Boksi la kompyuta Leonsia alikuwa amelitoa stoo, na panya walishalifanya wodi ya wazazi. Nikatoa pamba, nikatoa mavi ya panya, nikapuliza vumbi mpaka kifua kikawasha. Betri ya saa imekufa. Kebo ya umeme imetafunwa, nikafunga tepu. Ukuta wa sebuleni ukaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada wa kutambua kifaa hiki kisichojulikana. Nikauambia unyamaze.

Watu wanadhani kupandisha mfumo ni kutumbukiza sidii na kukaa. Sidii ya Kware ina mikwaruzo, unaifuta kwa khanga safi, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mashine inaisoma, inafika karibu na mwisho, inakataa, unaanza upya. Inakuuliza lugha. Inakuuliza kibodi. Inakuuliza diski uigawe vipande vingapi. Inakuuliza jina la mwenye kompyuta, nami huandika "Fundi", maana wenyewe huwa wanabadilika. Halafu kunakuja kimstari cha kijani kinachotambaa, na hapo hakuna cha kufanya ila kukitazama. Nimeupotezea ule mstari sehemu kubwa ya uhai wangu.

Mzee Lukelo alikaa kitini kando yangu. Leonsia alituletea ulanzi wa asubuhi, pombe ya mianzi, bado mtamu, na mzee akanisukumia kikombe changu mbali kidogo ili niinuke kukifuata. Hata maneno yakimwishia, utani haumwishii. Kulikuwa na baridi ya mvua, akataka kufunga sweta. Mkono wake wa kulia haujafanya kazi tangu kiharusi. Akainama, akauma pindo la sweta kwa meno likakaza, kisha kwa kidole gumba cha kushoto akasukuma kifungo kikaingia tunduni. Kirahisi kabisa. Vifungo vyote vya sweta alivifunga hivyo, kimoja baada ya kingine.

Ufundi ule alifundishwa na Eusebia, na kabla ya kuufundisha Eusebia aliubuni mwenyewe, amekaa kitandani mkono wake wa kulia kaufunga kwa khanga ili ajue ugumu uko wapi. Na hakuwa na sababu ya kumfanyia. Lukelo alikuwa amemwacha, akahamia Mafinga kwa mwanamke mwingine, miaka anapita njia ya mbali asikutane naye. Siku kiharusi kilipompiga, yule wa Mafinga akamleta kwa teksi, akamshusha getini pamoja na mfuko wa nguo, teksi ikageuza. Kihesa nzima ilisimama madirishani kuona Eusebia atafanya nini. Alifungua geti.

Miezi mingi alimlisha, akamwogesha, hamsemeshi. Sikusimuliwa haya, niliyaona, maana nilikuwa napita pale kuomba ulanzi kama ilivyo haki yangu. Nilikuwepo jioni ile ameshika kijiko, Lukelo analia uji unamtoka mdomoni, na Eusebia bila kuinua macho akamwambia, "Nimekusamehe, Lukelo. Sasa meza uji." Ndivyo alivyosema, hakuongeza. Kuanzia hapo wakawa mke na mume kuliko walivyowahi kuwa ujanani, wanagombania redio, wanacheka chumbani mpaka unaona aibu kubisha hodi.

Kimstari cha kijani kikafika mwisho. Kware ikafunguka na ule mlio wake wa ndege kuita asubuhi. Mzee akageuza kichwa. Huo mlio aliujua.

Sasa ikabaki tarehe. Hati za kibali cha mkongojo ziliisha walioutengeneza walipofunga ofisi, kwa hiyo ukiweka mwaka wa kweli Kware inakataa, inasema huduma imekwisha, wasiliana na ofisi. Ofisi gani? Dawa ni kuidanganya. Unarudisha saa nyuma mpaka mwaka ambao hati ilikuwa hai, na mashine inakubali, haina wa kumwuliza. Nikarudisha. Leonsia alikuwa nyuma yangu, akaisoma ile tarehe kwenye skrini. Kisha akasema siku hiyo mama yake alikuwa hapo nje anapalilia.

Nikachomeka kebo nyuma ya sikio la mzee.

* * *

Mkongojo una vyumba viwili. Ndivyo wenyewe walivyoviita, vyumba, na ni ubahili tu wa waliotengeneza, maana chumba hakipunguzwi. Hufuti siku moja mbaya ukaacha nyingine. Unakiacha chumba chote au unakimwaga chote, na kilichomwagwa hakirudi. Wala huwezi kukihamishia kwenye kompyuta ukakihifadhi. Nje ya kichwa cha mwenyewe ni kelele tupu. Zamani mtu aliongezewa chumba cha tatu, akalipia, yakaisha. Sasa hakuna chumba cha tatu.

Kwenye skrini vilionekana vyote viwili, vyekundu, vimejaa hadi juu. Cha kwanza kilianzia kiharusi: kuletwa getini, kijiko, vifungo, msamaha, redio. Cha pili kilifunguka wiki ile Eusebia alipoanguka shambani. Hakusema tena mpaka anakufa. Kwa hiyo cha pili kilikuwa na hospitali, mke aliyelala kimya, kaburi, na miaka mitatu ya kuomboleza.

Leonsia akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Fundi, mwaga cha pili."

Nikamwuliza baba yake anajua? Akasema anajua tunasafisha. Kware inataka mwenye mkongojo aseme kwa sauti yake chumba gani kinamwagwa, na Leonsia alikuwa amelifikiria hilo pia: atamwambia, Baba, sema futa chumba cha pili, naye atasema. Anamwamini. Hivi sasa angesema lolote binti yake atakalomwambia.

"Kila alfajiri analia," akasema. "Anajiziba mdomo kwa blanketi nisisikie, na mimi nasikia. Miaka mitatu, Fundi. Mwache abaki na mama aliyemsamehe. Hilo la kaburi nitalibeba mimi."

"Na akiuliza Eusebia yuko wapi?"

"Nitasema amekwenda Ifunda kwa mdogo wake, atarudi Jumapili."

"Na Jumapili?"

"Nitasema mvua imemzuia."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, na mimi sikumwona mbaya. Alikuwa mtoto aliyechoka. Nilimtazama vile vidole vyake vilivyochubuka kwa kufua mashuka ya mgonjwa, nikaona huruma, nikaona na hasira pia, maana kwa nini mimi? Ninadanganya kompyuta kutwa nzima, ndiyo kazi. Lakini kompyuta haitakaa dirishani Jumapili ikiangalia njia ya Ifunda. Nikamwambia nitamwambia mzee. Akageuka mkali.

"Nimekuita upandishe Kware. Sikukuita uhubiri."

Na alikuwa na haki. Mimi si padri, si daktari, si ndugu. Ningenyamaza, mzee angesema maneno aliyoambiwa aseme, saa hiyo ningekuwa niko njiani kurudi kwenye chai yangu, na pengine wangeishi vizuri, nani ajuaye. Nilisimama pale jikoni nimeshika kiuno. Kusema kweli kilichonizuia si wema. Niliona siku nitakayopita hapa kuomba ulanzi, mtani wangu aniulize kama nimekutana na mkewe njiani, na mimi nitafute uongo wa kumpa. Sikuwa na nguvu hizo.

Nikarudi sebuleni, nikavuta stuli, nikakaa mbele yake magoti yangu yakigusana na yake. Nikamweleza yote polepole, bila utani. Nikamwonyesha vile vyumba kwenye skrini. Nikamwambia na hili: mkongojo umejaa, haya tunayozungumza leo hayashiki popote, ukizimwa na kuwashwa yatakuwa yamemwagika. Akisha kuamua hatakumbuka kwamba aliamua.

Aliviangalia vile vyumba kwenye skrini, kimoja kisha kingine. Leonsia alikuwa amesimama mlangoni anatulilia wote wawili.

"Cha kwanza," mzee akasema.

Nikamwambia afikirie vizuri. Cha kwanza ndicho chenye msamaha. Kikitoka hicho, atabaki na Mafinga kichwani na kaburi kwenye mkongojo, katikati hakuna kitu.

"Aliyonitendea... alishayatenda," akasema. Kila neno alilitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Nikisahau mimi... hayatanguki. Lakini nikisahau... nilimzika... nitakaa namngoja. Na aliyezikwa... hangojwi."

"Hutajua kama alikusamehe."

"Utaniambia."

Leonsia akaja mbio, akapiga magoti, akasema kama ni hivyo basi tukurekodi, Baba, sema mwenyewe tukuonyeshe baadaye. Mzee akacheka upande mmoja. Siku hizi, akasema, hata mbuzi anarekodiwa akisoma Injili. Na ni kweli, tangu mashine zijue kuiga watu hakuna mwenye akili anayeamini sauti wala picha. Basi aandike, Leonsia akasema. Mzee akainua mkono wa kushoto akautazama. Kuandika kwa mkono ule alijifunza humohumo ndani ya chumba cha kwanza. Angeonyeshwa kesho angesema ni mwandiko wa mtoto. Leonsia akasema basi mimi nitakwambia, mimi ni mwanao.

"Mtoto humsitiri mama yake," mzee akasema. Akanielekezea kidevu. "Huyu... hana sababu ya kunibembeleza. Miaka yote... ananitukana usoni. Mngoni ataniambia."

Tukaona ni busara. Watu wazima watatu, Wahehe wawili na Mngoni mmoja, tumekulia kwenye mila hiyo, tumezika nayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona shimo liko wapi. Mimi niliona fahari kidogo, hata. Nikamwahidi. Nikamshika ule mkono mzima, nikaapa kwa marehemu baba yangu.

Kware ikauliza. Mzee Lukelo akajibu kwa sauti yake, akataja jina lake lote, akataja chumba cha kwanza. Ikamwuliza tena kama ana hakika. Akasema ndiyo. Kimstari cha kijani kikaanza kutambaa, na chumba chekundu kikaanza kupauka kuanzia chini, nami nikakitazama kama ninavyovitazama vyote, ila safari hii nilijua kilichokuwa kinatoka. Kijiko kile kilikuwa humo. Nikafumba macho mpaka nikasikia mlio.

* * *

Nikazima, nikawasha, nikachomoa kebo. Mzee alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Leonsia alimfungua sweta ili apumue vizuri, akamwita.

Akainua kichwa. Akatazama dari, akatazama boksi, akanitazama mimi.

"Mtumwa wangu," akasema, neno kwa neno, safi kabisa, hakuna lililokwama, "umefuata nini kwangu mvua yote hii? Kwenu chakula kimekwisha?"

Leonsia alimkumbatia shingoni akalia kwa furaha, na mimi mwenyewe nilisikia mabega yakinishuka. Tulikuwa tumesahau sauti yake ikoje. Aliomba ulanzi, akasema umechacha, akatukana aliyeugema. Kwa muda ule mfupi nilijiona fundi.

Kisha macho yake yakaenda ukutani kwenye picha ya Eusebia. Uso ukazima.

"Masikini," akasema. "Amekufa hajanisemesha."

Leonsia akamwambia si kweli, Baba, mama alikusamehe, mliishi vizuri hapahapa. Mzee akampapasa kichwa. Akasema kwa upole kwamba mwana mwema humsitiri mzazi wake, na yeye hamlaumu. Anakumbuka, akasema. Anakumbuka hospitali na Eusebia amelala hataki kumwambia neno. Anakumbuka kumlilia alfajiri. Alimlilia kwa sababu ya Mafinga, na deni lile halina wa kulipwa tena. Ile miaka mitatu ya kilio kumbe haikufutika. Ilibaki yote, ikakosa tu sababu yake, naye ameipa sababu nyingine.

Ikawa zamu yangu. Nikavuta stuli palepale nilipokuwa nimeivuta mwanzo, magoti yakagusana. Nikamweleza teksi, geti, miezi ya ukimya. Nikamweleza jioni ya uji, na kwa kuwa nilitaka aisikie kama ilivyokuwa, nikayatamka yale maneno kama Eusebia alivyoyatamka.

"Nimekusamehe, Lukelo. Sasa meza uji."

Alinikazia macho. Mdomo ukamcheza. Halafu akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha kifua kizima, akajipiga paja kwa mkono wa kushoto.

"Wangoni, bwana!" akasema anafuta machozi. "Sauti yenyewe ile! Uliniigizia kaburini ukala jogoo wangu, leo umenifuata mpaka nyumbani. Leonsia, mpe huyu jogoo mwingine aende zake."

Nikamwambia sifanyi utani. Akacheka zaidi, maana ndivyo mtani anavyosema. Nikaapa kwa marehemu baba yangu. Akasema baba yangu naye alikuwa mwongo maarufu, anamfahamu. Nikakasirika, nikapandisha sauti, nikamwambia ameniomba mwenyewe, muda si mrefu, kwa mdomo wake, nimwambie. Akanitazama kwa mapenzi kabisa.

"Mtani wangu, asante," akasema. "Umekuja kunichangamsha. Lakini la Eusebia liache. Hilo ni langu."

Maisha yangu yote nimemwambia mtu huyu uongo wa kuchekesha kwa sauti ya kweli, na leo nimemletea kweli, sina sauti nyingine ya kuisemea. Leonsia alinitazama, na sikuona lawama machoni mwake, afadhali angenilaumu. Tulikuwa tumechoka mno wote wawili. Nikaanza kukusanya vitu. Sidii kwenye karatasi yake, kebo nikaizungusha, bisibisi mfukoni. Nikavaa viatu kwa shida. Boksi nikaliacha limewaka, tarehe ya uongo ingali kwenye skrini, Eusebia angali nje anapalilia.

Nilikuwa nimefika mlangoni na begi begani, nageuka kuaga, nikaona mzee anaona baridi. Alilitazama sweta lililo wazi. Akainama, akauma pindo kwa meno likakaza, na kidole gumba cha kushoto kikasukuma kifungo. Kikaingia. Akashika cha pili.

Mkongojo haushiki yale mikono iliyojifunza; hayo mikono inayashika yenyewe. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote, na lilikuwa halijawahi kunifaa kitu.

"Lukelo," nikasema. Sikumwita mtumwa. Nadhani ni mara ya kwanza maishani nilimwita jina lake tupu, na alilisikia, kwa maana aliinua uso na kicheko kikamwisha.

"Nani alikufundisha kufunga hivyo?"

Alitaka kujibu upesi, mdomo ukafunguka. Akatazama kifungo. Akakifungua, akauma pindo, akakifunga tena, polepole, anajitazama vile vidole kama vya mtu mwingine. Akarudia mara ya tatu. Leonsia alijishika mdomo. Kwenye paa mvua ilikuwa inapungua.

"Sijui," akasema mwishowe. Kisha macho yakapanda taratibu ukutani, kwenye picha, yakabaki pale. "Ila alikuwa mtu wa subira."

Nikashusha begi. Nikavua viatu, nikakaa kwenye stuli, nikamwambia Leonsia akoroge uji.